Hercules na TK4-: nimeweka meinfremu kwenye laptopu, haya ndo maoni yangu

Naanza na hukumu kabisa ili asiyetaka kusoma gazeti zima asepe mapema. Hercules, programu inayoigiza meinfremu (zile kompyuta kubwa za IBM za mabenki na bima), ni kati ya programu bora za bure nilizowahi kuweka kwenye laptopu, na TK4-, furushi la mfumo endeshi wa zamani wa kuwasha juu yake, ndo njia rahisi ya kuionja, ila usiingie ukidhani utatoka humo na ajira mwezi ujao. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ntakazozisema huko chini, na kubwa yao wala sio kosa la waliotengeneza, ni la IBM.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni COBOL (lugha ya programu) na JCL (lugha ya kuiambia meinfremu ikimbize kazi gani na kwa mafaili gani), niko kampuni ya bima huku Marekani, na kila nikirudi Dar likizo vijana wa IT wananiuliza swali lilelile, anko hiyo meinfremu si ilishakufa? Afu anayeuliza ana kadi ya Visa mfukoni, na Visa wenyewe wanategemea meinfremu. Jamani haijafa. IBM walitangaza meinfremu zao za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, mwaka 2025 wametoa mpya inaitwa z17, na kuna programu zilizoandikwa kipindi ambacho Nyerere bado yuko Ikulu zinakimbia mpaka leo usiku kwa usiku zinapiga hesabu za watu. Huku kwetu kwenye bima kuna mikataba ya maisha ya miaka 40, 50, sasa nani atathubutu kugusa hesabu ambayo imekuwa ikitoka sawa muda wote huo.

Shida ni kwamba hii mashine huwezi kujifunzia nyumbani. Ukitaka kujifunza Python unadaunlodi, Java unadaunlodi, hata database za wakubwa zina toleo la bure. Meinfremu huipati Kariakoo, ni kabati zima la data senta, na programu zake hazinunuliwi moja kwa moja, unakodisha na kulipia kila mwezi kulingana na jinsi ulivyoitumia. Ndo Hercules inapokuja.

Hercules ilianzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Ni programu inayojifanya mashine nzima, prosesa yake, diski zake, tepu, printa, mpaka ile mashine ya kusomea kadi za matobo. Inakimbia kwenye Linux, Windows, Mac, na kuna watu wameiweka kwenye Raspberry Pi na inaenda bila shida. Ila yenyewe ni chuma kitupu, haina mfumo endeshi ndani. Sasa mfumo unatoka wapi? Hapa ndo pazuri. Zamani IBM walikuwa wanauza chuma na programu unapewa kama nyongeza. Mwaka 1969 wakatangaza wataanza kutoza programu kivyake, lakini mfumo endeshi wa msingi uliendelea kutoka bila kulipiwa kwa miaka mingi baada ya hapo, na MVS 3.8j ndo wa mwisho wa hiyo enzi ambao watu wanautumia bure mpaka leo. Mjerumani Volker Bandke aliukusanya ukawa wa kuwasha tu na kutumia, baadaye Jürgen Winkelmann akaendeleza akatoa TK4-. Siku hizi kuna na TK5 ya Rob Prins yenye vikorokoro zaidi, mi bado napenda TK4- kwa sababu maelezo yake yamejaa kila kona ya intaneti, ukikwama unakuta kuna mtu alishakwama hapohapo.

Kuinstoo ni rahisi mpaka aibu. Zipu yake ni ya MB mamia kadhaa tu, yani bando la kawaida la wiki linatosha na chenji inabaki. Unaifungua kwenye folda, kama uko Linux unaandika ./mvs, Windows unabonyeza mvs.bat, unaona mistari inashuka kwenye skrini ile ndo meinfremu inaamka, unasubiri kidogo. Afu unahitaji programu nyingine ya kuwa skrini yako, x3270, nayo ni ya bure, unaiambia iende kwenye localhost poti 3270. Unaingia na jina HERC01 na nywila CUL8TR (wazee nao walikuwa na utani wao), inakutokea menyu, unachagua namba 1 upo kwenye edita. Kwa kasi usijali. Mashine ya IBM 3033 ya mwaka 1977 ilikuwa na MIPS kama 5 (yani maelekezo milioni 5 kwa sekunde) na ilijaza chumba, laptopu ya kawaida leo inaipita huku umefungua na YouTube pembeni.

Ila skrini ya 3270, ile ya IBM ambayo x3270 inaiiga, itakutesa siku za mwanzo na sitaki kukudanganya. Sio kama terminali ya Linux ambayo kila herufi inaenda palepale. Hii unajaza ukurasa mzima kama fomu, afu ukibonyeza Enter ndo unatumwa wote kwa pamoja. Ukiandika sehemu isiyo ya kuandika kibodi inajifunga, inakaa tu inakuangalia, mpaka ubonyeze Reset. Mausi isahau. Kurudi nyuma ni F3, kupanda na kushuka ni F7 na F8. Vijana wengi wanaishia hapa, wanafunga wanasema uzee mtupu. Vumilia. Huo mtindo wa fomu ndo uliowezesha mashine moja kuhudumia maelfu ya makarani kwa wakati mmoja bila kupumua, kwa sababu yenyewe inasumbuliwa pale tu mtu amemaliza kujaza.

Twende kwenye kilichofanya niandike haya yote, JCL. Watu wanaitukana na kweli sura haina, mistari inaanza na // na koma moja ikikosekana jobu yako (kazi uliyoituma) inatupwa nje kabla haijaanza. Lakini angalia inachokulazimisha. Kila faili utakalogusa unalitaja mapema. Faili jipya unasema litakula nafasi kiasi gani ya diski, kwa traki au silinda. Na unaandika DISP=(NEW,CATLG,DELETE), maana yake faili ni jipya, kazi ikiisha salama liorodheshwe, ikifa njiani lifutwe. Umeona? Umeshaamua mambo yakiharibika itakuwaje KABLA hujaanza. Mi nimekaa na madogo wanaojua freimuweki zote za mjini ukiwauliza programu yako ikikatika katikati data inabaki katika hali gani, wanacheka. Kwenye TK4- hilo swali unalijibu kwenye jobu ya kwanza kabisa, ya kuchapa HELLO WORLD.

Na jobu itaabendi, yani itakufa njiani na kukupa kodi ya kosa, zoea. S806 ni programu uliyoita haipo, S322 umemaliza muda, B37 nafasi ya diski imeisha, na bibi yao wote ni S0C7. Hiyo unaipata pale mashine inapotaka kupiga hesabu inakuta ndani ya namba hamna namba, kuna herufi au nafasi tupu. Mwanzoni inakera, baadaye unaielewa kwamba inakulinda, imegoma kujumlisha uchafu. Kuna lugha za leo zingekubali kimyakimya zikakupa jibu la ajabu afu ukaja kuligundua mwezi wa kufunga hesabu.

Hapohapo kwenye hesabu naomba nitoe dukuduku. Meinfremu tangu System/360 ina maelekezo ya kupiga hesabu za desimali ndani ya prosesa yenyewe, kwa COBOL unaandika COMP-3 basi, senti ni senti, haipotei hata moja. Nimeona app za vikoba na za mikopo zinahifadhi hela za watu kwenye floti, aina ya namba ambayo 0.1 jumlisha 0.2 haitoi 0.3 kamili, na aliyetengeneza anashangaa kwa nini mwisho wa mwaka vitabu havifungi. Hapo huna haja ya mkaguzi, dawa yake ilijulikana mwaka 1964. Hata kama hutogusa meinfremu maisha yako yote, wikiendi moja na TK4- ukicheza na COMP-3 itakufundisha kuheshimu hela ya mtu.

Kasoro sasa.

Kwanza COBOL iliyomo ni ya kale kweli, ya kiwango cha 1968. Maneno ya COBOL ya baadaye ya kupanga masharti na marudio hayamo, hakuna END-IF, hakuna EVALUATE, huwezi kuandika PERFORM ndani kwa ndani, kila kitu nukta na GO TO, herufi kubwa tupu na uanzie safu ya 8 usizidi 72. COBOL ninayoandika mimi kazini inafanana nayo kidogo tu. Ukitaka lugha yenyewe ya kisasa weka GnuCOBOL pembeni, nayo bure, ujifunzie huko, TK4- itumie kuelewa mashine inavyofikiri. Pili hakuna CICS (inayohudumia miamala ya papo kwa papo) wala DB2 (database ya IBM), na kazi nyingi za ukweli ziko humo. Kuna kitu kinaitwa KICKS kinaiga CICS, kimeandikwa na Mike Noel, ni kizuri kwa mazoezi, DB2 ndo hupati kabisa. Tatu kumbukumbu, kila programu inaona MB 16 mwisho, maana anwani zake ni za biti 24. Picha moja ya simu mpya inakaribia kujaza hiyo nafasi. Hili kwangu nusu ni kasoro nusu ni raha, sababu ukikaa humo unashangaa jinsi benki nzima ilivyokuwa inaishi kwenye nafasi ambayo leo app ya tochi haitoshei.

Nne, na ndo iliyokula nyota yangu, huruhusiwi kuweka z/OS, yani mfumo wa leo ambao makampuni yanautumia. Kiufundi Hercules inaweza kuubeba, leseni ndo inakataa. Bowler alifungua kampuni Ufaransa, TurboHercules, akawaomba IBM wakubali kuwauzia leseni wateja wake, wakakataa, mwaka 2010 akapeleka malalamiko Tume ya Ulaya na uchunguzi ukafunguliwa. 2011 malalamiko yakaondolewa, Tume ikabaki na ahadi za IBM kuhusu vipuri na taarifa za matengenezo kwa mafundi wa nje, suala la kukimbiza z/OS kwenye kompyuta ya kawaida likafa hivohivo.

Nawaelewa kibiashara, hela yote iko kwenye leseni. Huku bili inapimwa kwa kilele cha matumizi, wastani wa masaa manne ya moto kuliko yote kwenye mwezi, ndo maana kazini ukiandika kwerii mbovu ikakimbia saa tano asubuhi tarehe ya mwisho wa mwezi, anayekupigia simu sio fundi ni mtu wa fedha. Sasa aliyeshika bomba kama hilo hawezi kukuachia uchote pembeni. Ila usije ukanililia kwamba hakuna vijana wanaojua meinfremu! Kila mkutano ni kilio, wazee wanastaafu, wazee wanastaafu, Aprili 2020 gavana wa New Jersey alisimama mbele ya kamera anaomba watu wa COBOL wajitolee kwa sababu mfumo wa mafao ya waliopoteza kazi umezidiwa. Uhaba huu ni wa kujitakia. Linux imejaa watu kwa sababu mtoto wa miaka 14 aliweza kuiweka kwenye kompyuta mbovu ya nyumbani akaiharibu akaiweka tena. Meinfremu walifunga mlango miaka 40 afu wanauliza mbona sebule haina wageni. Na makampuni yenyewe hayajasalimika, walipunguza mafunzo wakatupa kazi nje kwa bei chee, aliyekuwa anajua kwa nini mstari fulani upo akaondoka na kiinua mgongo chake.

Niwatendee haki IBM, siku hizi wana huduma ya bure inaitwa IBM Z Xplore, iliyorithi lile shindano lao la Master the Mainframe. Unajisajili kwa barua pepe, unapewa akaunti kwenye z/OS ya kweli, unaingia kwa VS Code (edita ya kisasa) badala ya skrini ya kijani ya 3270, kuna mazoezi ya JCL, REXX, COBOL, DB2, mpaka Python. Nikiulizwa kipi kati ya viwili nasema kama lengo ni CV nenda Z Xplore, ina beji unazoweza kuonyesha. Ila kule wewe ni mgeni, unapewa chumba kimoja na masharti. Kwenye Hercules nyumba yako, unaweza kuwa opereta, unaiwasha, unaona koni (skrini ya opereta) inalalamika tepu haijapachikwa, unaua jobu ya mtu (ambaye ni wewe), unaharibu katalogi (orodha ya mafaili) unarudishia. Hiyo kazi ya opereta haifundishwi sana siku hizi na ndo inakupa picha nzima.

Kuna historia ya nyumbani ambayo vijana wengi hawaijui na inanigusa. Tanzania mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine ya ICL (kampuni ya Uingereza) kwenda mrama na kula hela. Ilichukua mpaka miaka ya 90 kabla ya mambo kufunguka. Kwa hiyo kile kipindi ambacho wenzetu walikuwa wanazalisha kizazi cha watu wa meinfremu sisi tulikuwa nje ya uwanja, na mabenki yetu yalipokuja kununua mifumo dunia ilishahamia Unix na seva ndogo. Siwalaumu wale wazee, hela ya kigeni ilikuwa ya kuhesabu na mashine ilikuwa imewaangusha kweli. Ila walifungia chuma wakati kilichokosekana ni watu, na hilo mpaka leo naliona, ofisi inanunua mfumo wa mabilioni, bajeti ya kufundisha watu ni semina ya siku mbili na chai.

Kwa hiyo kiukweli ajira za meinfremu Bongo ni za kutafuta kwa tochi. Afrika Kusini kuna mabenki yanazo, Ulaya na Amerika zipo nyingi, India ndo usiseme. Ukitaka njia hii jiandae kufanya kazi ya mbali au kuhama.

Mtu ataniambia sasa si AI itatafsiri COBOL yote kwenda Java yaishe. Itatafsiri, mbona. Kusoma COBOL hakujawahi kuwa kazi ngumu, iliundwa mpaka meneja asome. Ugumu ni kujua kwa nini mwaka fulani mtu aliweka IF inayowaruka wateja wa mkataba wa aina fulani, na hiyo sababu iko kwenye kichwa cha mstaafu, haiko kwenye faili lolote. Waulize benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 walihamisha wateja wao kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mpya ndani ya wikiendi, karibu watu milioni 2 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, Desemba 2022 wakalimwa faini ya pauni milioni 48.65. Lugha ya programu haikuwa na kosa lolote pale. Haraka ilikuwepo, majaribio hayakutosha.

Haya, ukiamua kujaribu. Chukua TK4- au TK5 zote sawa, pamoja na x3270. Usianze na COBOL, fungua SYS2.JCLLIB kuna jobu za mifano, chagua moja, irushe, afu nenda folda ya prt kwenye laptopu ufungue prt00e.txt, hiyo ndo printa yako, soma kila mstari hata usioelewa. Ukimaliza usifunge dirisha kibabe kama unavyofunga kivinjari, ishushe kwa amri ya shutdown, diski zake zinaweza kuharibika ukiikata ghafla. Na kabla hujaanza kuchezea chochote kopi folda nzima uiweke pembeni, siku ukivuruga kila kitu unafuta unabandika ile safi unaendelea, ruhusa ambayo ofisini kwangu hata bosi mwenyewe hana.